Hedifoni Moja kwa Wawili: Tulivyoingia Kwenye Orodha ya Albamu 500

Albamu 500 zilizoorodheshwa na jarida moja la Marekani, ukizisikiliza moja kila wiki, unamaliza baada ya miaka tisa na nusu na kitu. Mume wangu aliipiga hesabu hiyo kwenye simu kabla hatujasikiliza hata wimbo mmoja, akaniangalia akisubiri nikatae. Nikamwambia haina shida, kwani tunakwenda wapi?

Hatujamaliza, na wala hatuko karibu. Ila tumekwenda vya kutosha kujua wapi pesa inapotea bure na wapi watu wawili wanaopendana wanaweza kununiana kwa sababu ya mpiga kinanda aliyekufa zamani Marekani. Naandika kwa ajili ya mke na mume wanaofikiria kujaribu.

Sababu yetu haikuwa muziki. Mume wangu ni fundi umeme, na kwa muda mrefu kazi zake zilikuwa Mpanda. Mimi nilibaki hapa Tabora na duka la dawa na mtoto wetu Zuhura, yeye akija kwa treni ya kupitia Kaliua kila alipopata nafasi. Aliporudi moja kwa moja tukagundua kwamba tumebakiwa na maongezi ya aina moja: ada, kodi, luku, nani kapiga simu kutoka kijijini anaumwa. Yakiisha hayo, kila mtu na simu yake. Hatukuwa tunagombana. Ungekuwa ugomvi ningejua pa kuanzia.

Ndipo siku moja akanionyesha orodha ya albamu 500 bora za wakati wote ya jarida la Rolling Stone la Marekani. Yeye ujanani alipiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya dansi ya mtaani, kwa hiyo hamu alikuwa nayo. Mimi nimekulia kwenye taarabu za harusini na Bongo Fleva ya redioni. Albamu nzima, mwanzo hadi mwisho, nilikuwa sijawahi kukaa chini kuisikiliza.

Kabla hamjafanya chochote, kubalianeni mnatumia toleo lipi. Orodha ile ilitoka mwaka 2003, ikarekebishwa 2012, ikapigwa kura upya 2020. Mume wangu alikuwa na ya zamani, mimi nimefungua mpya, na tukabishana jioni nzima namba moja ni ipi. Kwake ilikuwa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles ya mwaka 1967. Kwangu ilikuwa What's Going On ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, na hao Beatles wake wameshuka hadi namba 24. Wote wawili hatukuwa tumesikia hata moja kati ya hizo albamu. Baadaye ubishi ule ulitusaidia: wapiga kura wakibadilika, bora inabadilika. Tulichukua ya 2020, na tukaacha kuzitazama namba.

Tuliziacha kiasi kwamba hatufuati hata mpangilio wao. Ukianza na namba 500 ukapanda, leo uko miaka ya 2000, kesho 1959, keshokutwa watu wa kompyuta. Tunazipanga kwa umri wa rekodi zenyewe. Tulianza na Robert Johnson na gitaa lake, nyimbo alizorekodi Texas mwaka 1936 na 1937 ambazo zilikuja kutolewa kama albamu mwaka 1961, tukashuka nazo taratibu. Ukienda hivyo unasikia mtu fulani akibuni kitu, halafu miaka mitano mbele unasikia wengine kumi wanakiiga, na unajisikia mjanja.

Sasa pesa. Programu ya bure tuliyoanza nayo ilikuwa inachanganya nyimbo inavyotaka yenyewe na kuchomeka matangazo katikati. Kwa nyimbo mojamoja unavumilia. Kwa Marvin Gaye haiwezekani, maana nyimbo za albamu ile zimeungana, mmoja unaingia ndani ya mwenzake bila kituo, na anayesimulia ni askari aliyerudi kutoka vita ya Vietnam anashangaa nyumbani kumekuwaje. Sisi tulimsikia askari anaanza kushangaa, likaja tangazo la mkopo wa simu, kisha tukarushwa wimbo wa karibu na mwisho. Tukalipia ya mwezi. Ukilipia unapakua na kusikiliza bila mtandao, na hapo chunga ubora wa sauti: kwenye kilobiti 320 kwa sekunde, albamu ya dakika 40 inakula karibu MB 96, ukishusha hadi 128 haifiki MB 40. Kwa spika zetu na masikio yetu, tofauti hatukuisikia. Pakua mchana, siyo saa tatu usiku wakati mtaa mzima uko hewani. Na achana na kusikiliza kupitia video, unalipia picha ambayo huitazami.

Tumepanga Isevya, vyumba viwili na ukuta mmoja na jirani. Sabufa tunayo, lakini saa ambazo Zuhura amelala na sisi tuna nafasi ndizo saa ambazo jirani naye anataka kulala. Kwa hiyo tukawa tunagawana hedifoni: yeye sikio la kulia, mimi la kushoto, tumekaa kwenye mkeka na migongo ukutani. Inapendeza kuitazama. Tukafika Rubber Soul ya The Beatles, ya mwaka 1965.

“Baba Zuhura, hawa watu mbona hawaimbi?” nikamuuliza. “Ni magitaa tu na ngoma.”

“Hawaimbi? Mimi sisikii kitu kingine zaidi ya kuimba. Gitaa ndiyo nalitafuta.”

Tukatazamana. Tukabadilishana masikio, na kweli, magitaa yakahamia kwake na sauti zikaja kwangu. Enzi zile nyumba nyingi zilikuwa na spika moja, na watengenezaji wa stirio, yaani sauti ya pande mbili, walikuwa bado wanajaribu mambo, basi walisukuma waimbaji upande mmoja na vyombo upande mwingine. Ukiwa na spika mbili sebuleni hakuna tatizo. Ukigawana hedifoni, kila mtu anaondoka na nusu yake. Nikaanza kufikiria albamu zote tulizokwishabishania kabla ya hapo. Ile ambayo nilimwambia haina besi, akanicheka. Inawezekana kweli kwangu besi haikuwepo.

Dawa zipo mbili na zote rahisi. Kwenye simu ingia mipangilio, tafuta sehemu ya ufikivu, washa sauti ya mono. Pande zote mbili zitatoa kitu kilekile. Au nenda kwa wauza vifaa vya simu, ulizia kiwaya chenye matundu mawili ya hedifoni, kila mtu achomeke yake. Sisi tulianza na mono na baadaye tukanunua kiwaya. Isipokuwa Pet Sounds ya The Beach Boys ya 1966, hiyo tulirudia kugawana kwa makusudi. Marehemu Brian Wilson aliyeitengeneza alikuwa karibu kiziwi wa sikio la kulia, na aliitoa kwa mono; toleo la stirio lilikuja miaka ya tisini. Yote mawili yapo mtandaoni, chagueni la mono. Filimbi, kengele, baiskeli, mbwa, vyote vimerundikwa sehemu moja na bado kila kimoja unakisikia. Mume wangu aliirudia mara mbili usiku uleule.

Tahadhari moja ndogo kwa wenye watoto. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, 1973, ina mahali ambapo kumetulia kabisa halafu saa nyingi za ukutani zinalia kwa mpigo. Siku hiyo tulikuwa tumeamua kujaribu sabufa, sauti ya chini. Haikuwa ya chini vya kutosha. Zuhura aliamka analia, jirani akagonga ukuta.

Lililotusumbua kuliko yote halihusiani na vifaa. Mume wangu anajua muziki, na mtu anayejua kitu hawezi kunyamaza. Wimbo ukianza tu ananiambia sikiliza hapa, sasa anabadilisha, umesikia? Nasema nimesikia. Kufika miaka ya sitini nilikuwa nimezoea kumtazama bega. Bega lake likicheza, najua hii nzuri, na nikiulizwa nasema nzuri. Nilikuwa simdanganyi. Nilikuwa sijui tena mimi napenda nini.

Nilimwambia, akakasirika kidogo, akaona naufanya muziki darasa wakati yeye ndiye aliyekuwa anafundisha. Tulikaa bila kusikiliza kwa muda. Kilichoturudisha ni kaunta buku. Tuliweka masharti: albamu inapopigwa hakuna kuongea, hata “umesikia?” Ikiisha, kila mtu anaandika alama, kumi ndiyo ya juu kabisa, na mstari mmoja, anaziba kwa mkono kama mtoto wa shule, halafu tunafunua pamoja. Alama ikishaandikwa haifutwi.

Albamu ya kwanza kwa masharti hayo tuliichagua nje ya foleni: Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York kwa vikao viwili mwaka 1959, Machi na Aprili. Tarumbeta, saksafoni mbili, kinanda, besi, ngoma. Wanapiga bila haraka, kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi hadi unadhani amesahau zamu yake. Tulipofunua, yeye ameandika sita: “Wazuri lakini wananisinziza.” Mimi tisa. Alidhani nimeandika tisa kumkomoa. Nikamwambia mpiga gitaa umekuta hakuna gitaa, umechanganyikiwa. Alicheka, na tukaongea hadi saa sita usiku, na ndani ya maongezi yale hapakuwa na ada wala luku.

Kwa hiyo kama utachukua kitu kimoja kwangu, chukua kaunta buku. Mengine ni ya ziada.

Kuhusu Kiingereza, msijinyanyase. Changu ni cha kidato cha nne na cha mume wangu ni cha site. Sikilizeni mara ya kwanza bila maneno, pigeni alama, halafu kama inawavuta, tafuteni mashairi msome. Ukisoma huku unasikiliza, macho yanakula masikio. Ubaya wa utaratibu huu tuliuona kwa Joni Mitchell, Blue, 1971. Mume wangu alimpa tano, sauti nyembamba mno. Tukaja kusoma kwamba wimbo mmojawapo ni wa binti yake, aliyemzaa mwaka 1965 akiwa hana uwezo, akamtoa alelewe na watu wengine. Walikuja kukutana mwaka 1997. Akataka kufuta ile tano. Nikamkatalia, masharti ni masharti. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Nilikuwa sijui.”

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Urambo tumbaku ilipokwisha kuuzwa, akakaa kwetu kipindi tuko kwenye mwaka 1975. Nilihofia tungelazimika kusimamisha. Yeye ndiye aliyetaka kujua tunachofanya usiku na yale madaftari. Tukawasha sabufa mapema, kabla ya isha.

Bob Dylan, Blood on the Tracks. Mama akasikiliza nyimbo mbili kwa adabu. “Huyu ana mafua?”

Queen, A Night at the Opera. Tulipomwambia mwimbaji huyo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, alikataa katakata, akasema mnanifanya mimi mtoto. Hadi leo hajakubali.

Kisha Fela Kuti. Sasa albamu ile ya 1975 ina jina ambalo siwezi kulitaja mbele ya mama mkwe, na kisa chake ndicho kibaya zaidi: polisi wa Nigeria walimweka ndani Fela wakisubiri haja yake kubwa iwe ushahidi wa bangi. Mume wangu alisema tu, “Mama, huyu ni Mnaijeria.” Ni nyimbo mbili, mmoja kila upande wa santuri, haifiki nusu saa. Ngoma zikaingia, vinanda, kisha matarumbeta yakaja kwa pamoja, na mama ambaye goti linamsumbua akaanza kutikisa mabega pale pale alipokaa. Albamu ilipoisha akasema, “Huyo anajua. Lakini kwetu walikuwepo.”

Ndipo akaanza kuwataja. Kiko Kids ya Salim Zahoro, ambayo wakubwa zake walikuwa wanaisimulia. Nyanyembe Jazz. Tabora Jazz ya Shem Karenga, na Dada Asha, wimbo ambao aliuimba wote akiwa anachambua mchele, pamoja na sehemu za gitaa kwa mdomo. Mimi nimezaliwa mji huu na nilikuwa najua Tabora Jazz kama jina tu la kwenye vipindi vya zilipendwa. Mume wangu akamuuliza maswali ya kifundi, nani alipiga solo, chemko, ile sehemu ya mwendo wa kasi, lilianzia wapi. Mama akamjibu kwamba yeye alikuwa anacheza, hakuwa anakagua vyombo.

Tukapitia orodha yote ya 500 kuwatafuta. Afrika ina watu wachache mno mle. Huyo Fela mwenyewe yuko kule nyuma ya namba 400. Bendi ya Tanzania hakuna. Nilikasirika kwanza, kisha mume wangu akanieleza kitu ambacho naona ndicho cha maana kuliko hasira. Bendi zetu za wakati ule zilirekodi wimbo mmojammoja, nyingi kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa ajili ya kupigwa hewani. Zilizobahatika zilitoka kwenye santuri ndogo zilizochapwa Nairobi, wimbo mmoja huku na mwingine kule. Albamu kama wanavyoielewa wenzetu, dakika 40 zilizopangwa na jalada lake, karibu haikuwepo. Orodha ya albamu haiwezi kumwona mtu ambaye hakutoa albamu, hata awe anajaza ukumbi kila Jumamosi.

Basi tukaitengeneza sisi. Mama alitaja nyimbo, mume wangu akazisaka kwa watu wenye kaseti za zamani na mtandaoni, tukaziweka kwenye flashi. Mama ndiye aliyepanga: upande wa kwanza na upande wa pili, kila mmoja kama dakika ishirini, maana huo ndio urefu ambao upande wa santuri kubwa ulikuwa unabeba vizuri. Alikataa kuanza na zile kali. Alisema watu wanaingia ukumbini bado wana aibu, waanzie taratibu. Hii ipo kwenye kaunta buku kati ya Queen na Stevie Wonder, na ndiyo pekee ambayo imepata kumi mbili.

Si kila jioni ilikuwa hivyo. Rumours ya Fleetwood Mac, ya 1977, ilitukuta kipindi kibaya. Kulikuwa na pesa ambayo mume wangu alimkopesha ndugu yake bila kuniambia, na nilikuwa nimeiona kwenye ujumbe wa simu. Tulikuwa tunasikiliza kwa sababu ni zamu, siyo kwa hamu. Albamu ni tamu, nyimbo nyepesi, unatikisa kichwa. Kisha tukasoma. Kwenye bendi ile mpiga besi na mpiga kinanda, John na Christine McVie, walikuwa mke na mume wanaoachana. Mpiga gitaa Lindsey Buckingham na mwimbaji Stevie Nicks walikuwa nao wametengana. Na wote wakaingia studio moja kurekodi nyimbo za kulaumiana. Christine aliandika wimbo wa bwana wake mpya, na besi ya wimbo huo kaipiga John.

“Angeweza vipi?” nikasema.

Mume wangu alikaa kimya. Halafu akasema, “Kwani walikuwa wanaongea? Si walikuwa wanaimba tu.” Akaitaja ile pesa yeye mwenyewe. Tuliongea vibaya, kwa sauti ambayo jirani aliisikia bila sabufa. Alama za albamu hiyo hazijaandikwa, ukurasa uko wazi. Simshauri mtu kutumia muziki kama mtego wa kumfungua mwenzake mdomo. Nasema tu, mkisikiliza pamoja kwa muda mrefu, iko siku albamu itagusa mahali hamkupanga, na siku hiyo msikimbilie kuwasha inayofuata.

Sasa tuko mwaka 1980. Mume wangu amechungulia mbele akakuta shida: CD ilipokuja, ikiwa na nafasi ya dakika 74 na zaidi, wasanii wakaijaza. The Miseducation of Lauryn Hill ya 1998 inapita dakika 75. Hizo tutazigawa jioni mbili, na kama nyinyi mna watoto wadogo, mzigawe mapema kuliko kusinzia juu ya kazi ya mtu.

Sharti letu la mwisho tuliliongeza baada ya kuona kwamba uvumilivu una mwisho. Kila mtu ana karata moja kwa mwezi ya kukatisha albamu, bila kueleza kwa nini, na mwenzake haruhusiwi kuguna. Mume wangu huichoma yake wiki ya kwanza. Mimi huitunza, kwa sababu nimeangalia kinachokuja: Sandinista! ya The Clash, santuri tatu, nyimbo 36, zaidi ya saa mbili. Yeye anaisubiri kwa hamu kubwa. Jana kaniuliza kama karata yangu bado ninayo.

Ninayo.